Mvua za Kumngoja Rigbe

Hamle 5, sikukuu ya Petro na Paulo

Dada yangu Tsehaitu, hujambo huko Tesenei? Hujambo na joto, hujambo na mbu, hujambo na masufuria yako na wote wanaokula kwako? Habtai mumeo hajambo, na magoti yake je? Wanao wote hawajambo, mkubwa na wale pacha? Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Mama yetu hajambo. Macho ndiyo yanazidi kupungua, lakini masikio yanasikia hata tunachonong'ona nje ya nyumba. Anakusalimu na anauliza mbona umenyamaza. Asgedom mume wangu hajambo, mguu wake unauma mvua zikikaribia, anakusalimu. Mebrat wangu wa mwisho hajambo, shule imefungwa, amerefuka, anakusalimu. Jirani yetu Letina hajambo, anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma. Ng'ombe mwekundu naye hajambo, ana ndama.

Zerom mwenye lori hatashuka huko kwenu mpaka mvua ziishe na njia ikauke. Nimeona badala ya kungoja, niandike kidogo kidogo, siku kwa siku, akija nimpe yote kwa mkupuo. Kalamu nimeishika ukubwani, katika darasa la kina mama, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama kuku. Utavumilia.

Nimebakiza mmoja makusudi. Rigbe wangu, kule Dekemhare kwa mumewe Fessahaye, ni mjamzito. Mimba ya kwanza! Hesabu inaangukia mwisho wa Nehase, mwezi ujao. Atakuja kujifungulia hapa kwangu, kama mimi na wewe tulivyojifungulia kwa mama, nyuma ya maghala ya udongo mle ndani ya nyumba, pale pale. Mama yake Fessahaye, yule mkwe wetu Letekidan, atamleta. Unajua kwetu ndivyo ilivyo: waliokuja kuposa ndio wanaomleta binti na mimba yake, na mkate wao mkononi, na sisi tunawapokea mlangoni kwa vigelegele. Nimeshasaga unga wa shayiri. Siagi naiweka kidogo kidogo. Leo saumu imeisha, tumekula vizuri.

Hamle 7, Utatu

Mvua jioni. Hawajaja.

Hamle 9

Mvua. Nimefua blanketi, halikauki.

Hamle 12, Mikaeli

Sikiliza balaa la leo. Paa letu limeota majani mabichi mpaka linapendeza, maana udongo wa mwaka jana ulikuwa na mbegu. Mbuzi wa Letina akatoka mteremkoni, pale paa linapokutana na kilima, akaingia juu ya paa letu kula. Mimi nilikuwa ndani nampulizia mama moto. Mama akasema, "Nani anabisha hodi juu?" Kabla sijamjibu, mguu wa mbuzi ukatokea darini. Mguu mmoja mzima, unapiga mateke hewani. Udongo na maji vikamwagika chini, na unajua wapi? Pale pale nilipomtandikia Rigbe.

Nilitoka nikamwita Letina kwa majina ambayo siku ya Mikaeli haifai kuyataja. Naye akaja mbio, anashika mkia wa mbuzi, anavuta, anasema, "Hidat, usimpigie kelele, atashtuka aingie wote!" Asgedom alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Mimi sikucheka. Nilifikiri, wakija kesho wakwe wakaona tundu hili, watasema nini?

Hamle 14

Majirani wamekuja kutengeneza paa. Wanaume wamebadilisha fito zilizooza, wanawake tumebeba udongo na kuukanyaga. Letina alikanyaga kuliko wote, kwa aibu. Nimewapa siwa, pombe yetu ya nafaka, wameimaliza, wameimba. Mama anasema nyumba hii haijapata kuwa na paa zuri hivi tangu baba alipoijenga. Sasa waje.

Hamle 15

Mvua usiku kucha. Paa halikuvuja.

Hamle 19, Gabrieli

Sikukuu kubwa, mvua imetuacha mpaka adhuhuri. Uwanjani kwa kanisa kila mwanamke aliniuliza swali moja. "Rigbe amefika?" "Bado." "Eh, bado?" Wa tatu alipouliza nikajibu kwamba mjini kuna shughuli. Mke wa mpiga kengele akasema, "Siku hizi watu wa mjini wanataka mtoto azaliwe kwenye nyumba ya bati, chini ya taa ya umeme. Nyumba zetu za udongo wanaziona mazizi." Akaniangalia viatu.

Nilirudi kabla ya chakula.

Sasa nakumbuka siku ya harusi. Letekidan yule alikuwa amesimama wima, mrefu, shela nyeupe kichwani bila doa, hakutabasamu. Aliingia nyumbani kwetu akatazama nguzo, akatazama dari, hakusema neno. Niliona ni heshima. Leo naona labda ilikuwa kitu kingine.

Hamle 21, Mariamu

Hawajaja.

Hamle 23

Hawajaja. Mebrat anaenda kusimama kwenye mwamba wa juu kila basi linapopita barabarani ng'ambo ya kijito. Nimemkataza, watu watasema tunachungulia. Baadaye nikaenda mwenyewe.

Hamle 27

Mvua ya mawe. Mboga zimelala chini zote.

Nehase 1

Saumu ya Mariamu imeanza. Asgedom amesema leo asubuhi, huku anavaa viatu, "Naenda Dekemhare kumchukua mwanangu."

Nikamwambia, "Vua viatu."

"Hidat, mwezi umekwisha."

"Ukienda kumchukua wewe, unasema kwa vinywa vya watu wote kwamba wakwe hawakumjali, kwamba tumemwokota. Hawezi kurudi tena kwa mumewe na uso wake. Binti haendewi, analetwa."

"Na wasipomleta?"

"Watamleta."

"Na mtoto naye umemwambia angoje?"

Nikamsogezea ndoo ya kukamulia. Alivua viatu, akaenda kumkamua ng'ombe ambaye maziwa yake sasa hatuwezi kunywa. Mama pale motoni akasema, "Wewe Hidat, shingo yako ni ya baba yako mtupu." Hakusema ni sifa au ni lawama.

Nehase 4

Mvua. Kijito kimepanda, kina rangi ya chai ya maziwa.

Nehase 6

Nimeota Rigbe mdogo, anaita kutoka nyuma ya maghala. Nimeamka nikaenda kupapasa pale. Kuna blanketi tu.

Nehase 9

Letina amerudi kutoka soko la Dekemhare. Hakupita hata kwake, alikuja kwangu moja kwa moja na kikapu chake mgongoni. Nikamkaribisha, nikaweka buni motoni. Alingoja mpaka kikombe cha kwanza.

"Nimemwona mkwe wako."

"Rigbe je?"

"Rigbe sikumwona. Nimemwona mama. Kwenye pilipili. Nimemsalimu, kanisalimu, tumesalimiana mpaka tumechoka. Nikamwambia, basi mama yetu, Adey Letekidan, binti yetu vipi? Akasema miguu imemvimba, lakini ni mzima. Halafu akasema..."

"Sema."

"Usinikasirikie mimi."

"Letina, sema kabla sijakumwagia kahawa."

"Akasema, 'Nimewangoja wenyewe mpaka nimechoka. Mtu hata mbuzi wake akizalia kwa jirani huenda kumtazama.'"

Dada yangu, nilihisi kama nimepigwa kofi kanisani. Mbuzi! Mimi niliyemtandikia mwanangu mahali kabla mvua ya kwanza haijanyesha, mimi niliyekanyaga udongo wa paa mpaka kucha zikatoka, nimefananishwa na mtu asiyejua mbuzi wake wako wapi! Na yeye ndiye anayemzuia. Anamzuia, kisha anauliza mbona hatuji. Nimemwambia Asgedom sasa ndiyo kabisa haendi mtu. Asgedom hakubishana. Amekaa anachonga mpini wa jembe ambao tayari ulikuwa mzuri.

Nehase 10

Sijamsemesha mtu.

Nehase 12, Mikaeli

Mvua. Mvua. Mvua.

Nehase 16, Kupaa kwa Mariamu

Saumu imefunguliwa. Mebrat amekunywa maziwa mpaka amekuwa na masharubu meupe. Mimi tonge nililirudisha sahanini. Nilikuwa nahesabu: akianza uchungu leo, kijito hakivukiki. Akianza kesho, hakivukiki. Kinanguruma mpaka kanisani, Qeshi, kasisi wetu, amelazimika kupaza sauti. Nimewasha mshumaa kwa Mariamu nikamwambia, wewe mwenyewe ulizalia zizini mbali na mama yako, unajua ninachosema. Halafu nikaogopa kwamba nimemkosea adabu.

Nehase 20

Leo naandika haraka, nisamehe herufi.

Qeshi Tewelde, baba yetu wa kiroho, alikuwa Dekemhare kwenye mazishi. Amevuka leo mchana maji yalipopungua kidogo, kanzu yote matope, akaja hapa kabla hajaenda kwake. Tukabusu msalaba. Nikamletea maji ya miguu. Akakataa kukaa.

"Hidat, nimepita kwa binti yako."

"Yu mzima?"

"Amekaa kibarazani kwenye kigoda. Nguo zake zimefungwa kwenye shela, ameziweka magotini. Nimeuliza, unasafiri? Akasema hapana. Lakini kila gari likisimama, anainuka, na tumbo lile. Halafu anakaa. Ameniuliza swali, na nimeona nikuletee kama lilivyo." Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Ameniuliza, 'Baba, mama yangu amenikasirikia nini?'"

Mebrat akaanza kulia. Asgedom akainuka akatoka nje. Mimi nilibaki na birika la maji mkononi.

Nikasema, "Baba, kwetu mtoto analetwa."

Qeshi akasema, "Najua. Ndoa nyingi za kijiji hiki nimezifunga mimi. Sikuja kukwambia kwetu inakuwaje. Nimekuja kukwambia mwanao anainuka na kukaa."

Alipoondoka mama aliniita. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, anavyofanya sasa ili anione. "Mimi nilikuja kwako," akasema. "Ulipoumwa ulipokuwa msichana, kule kwa shangazi yako. Hakuna aliyeniita. Nilikuja kwa miguu na watu walicheka. Unakumbuka waliocheka ni akina nani?"

Sikumbuki hata mmoja.

Kesho nakwenda. Wakisema, waseme.

Nehase 21, Mariamu

Alfajiri kijito bado kilikuwa kikubwa. Tulikaa ukingoni, mimi na Asgedom, na mtungi wa siagi, na mfuko wa unga wa shayiri nilioufunga kwa ngozi, na pilipili ya kusaga, tunayaangalia maji kama watu wanaongoja mkubwa aamke. Jua lilipopanda yakashuka mpaka jiwe jeusi likaonekana. Asgedom akanifunga shuka yake kiunoni, ncha akaishika mwenyewe, na mguu wake ule. Nikamwambia, "Ukivutwa na wewe je?" Akasema, "Basi tutafika Dekemhare mapema kuliko basi."

Hapo tukasikia kelele. Letina, anateremka mteremko, sketi ameipandisha, anapiga mayowe, "Ngoja! Mwenye mbuzi nimekuja!" Akanishika mkono wa pili. Alilia njia yote ndani ya maji na mimi sikulia, nilikuwa nashika mtungi kichwani. Maji yalinifika kiunoni. Ni baridi, Tsehaitu, ni baridi ya mlima wote. Tulipofika ng'ambo Letina akasema, "Sasa nitarudije?" Tukacheka wote watatu tukiwa tumelowa. Asgedom akarudi naye, wameshikana kama maharusi.

Basi lilikuwa limejaa, mzee mmoja akanipisha kwa sababu ya siagi.

Mlango wa Letekidan nilikuwa sijaufikia tangu harusi. Niligonga. Ukafunguliwa na mwanamke mfupi, mwembamba, ana unga mpaka viwiko. Nikatafuta yule mrefu nyuma yake. Hakuwapo. Ndiye huyu. Siku ya harusi alivaa viatu vya kisigino.

Hakunisalimia. Alisema, "Umekuja."

"Nimekuja."

"Umekuja kumwomba?"

"Kumwomba nani? Mwanangu mwenyewe?"

"Basi umekuja kufanya nini, baada ya mvua zote hizi?"

"Nimekuja kwa sababu hukumleta!"

"Nimlete?" Akajishika kifua, unga ukabaki pale alama ya mkono. "Nimlete kama mzigo? Kwetu Adi Felho mke wa mwanao humpeleki kwao na mimba bila mama yake kuja kumwomba. Ukimpeleka hujaombwa, umemfukuza. Watu wangesema Letekidan amemtupa mkwewe na mjukuu wake tumboni. Nilioka mkate wa kukupokea siku ya Mikaeli, ukaota ukungu. Nikaoka Gabrieli. Nikaoka tena. Majirani wananiuliza, wenyewe hawaji? Nasema watakuja, ni watu wema. Nimeona nyumba yao, ni nyumba ya watu, nguzo zake zimechongwa kwa subira. Watakuja!"

Nikautua mtungi wa siagi chini. Kisha nikasema, "Kwetu, mama akimfuata binti yake badala ya kuletewa, ni kusema ninyi hamumtunzi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna anayeambiwa. Ndivyo ilivyo."

"Na Adi Felho ni umbali gani na kwenu?"

"Vilima viwili."

"Vilima viwili," akasema, akakaa kizingitini. Mimi nikakaa pia, mlango ulikuwa mpana. Tukatazamana, na sijui nani alianza kucheka, nafikiri ni yeye, lakini mimi ndiye niliyeanza kulia.

Hapo nikasikia sauti nyuma yetu. Rigbe amesimama, ameshika ukuta, uso mwekundu. Sijapata kumwona na hasira ile tangu azaliwe.

"Yaani ninyi wawili," akasema, "mama zangu wawili, mmoja amekaa kule anangoja aletewe, mmoja amekaa hapa anangoja aombwe, na mimi ndiye mwenye miguu kama nguzo za kanisa! Kila siku nauliza, mama Letekidan, nipeleke. 'Bado, mwanangu, tulia, heshima yako.' Heshima yangu! Nilifikiri nimefiwa na mama na hakuna anayetaka kuniambia!"

Tukainuka wote wawili kumshika, akatusukuma wote wawili, kisha akatushika wote wawili. Ni mzito, dada, amenenepa vizuri. Sina haja ya kuuliza kama walimtunza.

Basi la mwisho lilishaondoka. Tumekubaliana kesho nirudi naye.

Nehase 22

Hakurudi mtu. Alfajiri alikuwa ameshika nguzo ya kitanda. Fessahaye alikimbia kumwita mkunga wa zahanati, kila mguu na kiatu cha aina yake. Mkunga akaja, akamtazama, akasema, "Huyu haendi popote leo, wala basi wala kijito."

Nilikwenda uani nikasimama karibu na tangi la maji. Nilifikiria pale nyuma ya maghala, blanketi, paa letu jipya. Nilifikiri, nimemwacha azalie nyumba ya watu. Kwa shingo yangu.

Letekidan akanifuata. Alikuwa amejifunga shela ya kutoka, ana viatu mkononi. Akafungua kamba kiunoni, akatoa funguo, ya mlango, ya kabati la unga, ya chumba, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole.

"Hii ni nyumba yako," akasema. "Tangu sasa. Mimi naenda kukaa kwa jirani, kwa Tsirha. Binti anazalia kwa mama yake. Jiko ni lako, kuni ziko nyuma ya mlango. Ukinihitaji nitume kama unavyomtuma jirani."

"Letekidan, huwezi kutoka nyumbani kwako."

"Si kwangu. Hukunisikia?" Akafika mlango wa uani, akageuka. "Paka nimchukue?"

"Mwache."

"Basi usimpe siagi, anatapika."

Akaondoka kweli, Tsehaitu. Alifunga mlango taratibu kama mgeni.

Mtoto amezaliwa mchana mvua ikinyesha juu ya bati, kelele mpaka mkunga alikuwa anaonyesha kwa mikono. Msichana! Ana nywele nyingi, ana kidevu cha mama yetu, Mungu amsaidie. Rigbe hajambo, anauliza chakula. Nilitoka uani nikapiga vigelegele vitatu, vya msichana. Kutoka ng'ambo ya ukuta wa Tsirha vikajibiwa vitatu, kisha cha nne, cha tano, mpaka vikafika saba vya mvulana, na sauti ya Letekidan inasema, "Mnabania nini? Kwani huyu ni nusu?"

Lakini hakuja. Nilikuwa nimekwisha songa uji mzito wa mzazi, nimeuchimba katikati, nimejaza siagi na pilipili, ndipo nikasikia mlango wa nje unagongwa. Nikaenda kufungua.

"Wenyewe mpo?" akasema. "Nimesikia vigelegele. Nimekuja kuuliza kama nyumba hii kuna mzazi."

"Yupo," nikasema. "Karibu, mgeni. Karibu, pita, karibu." Nikampa kigoda cha mgeni, nikamnawisha mikono kwa birika lake mwenyewe, nikamlisha tonge la kwanza kwa mkono wangu. Alikula macho yake yamejaa maji. Akasema uji una chumvi kidogo. Nilijua atasema.

Nehase 23

Mvua. Mtoto analala. Asgedom amefika, amelowa, anamtazama tu.

Nehase 28

Letekidan bado anabisha hodi kila asubuhi. Nimemwambia arudi kwake, anasema mpaka mzazi ainuke.

Pagume 3

Siku hizi chache za kufunga mwaka, watu wameoga kwenye mvua kwa baraka. Mtoto tumemnyunyizia tone moja, akatukemea.

Meskerem 1, Yohana Mtakatifu, mwaka mpya

Jua. Maua ya manjano mpaka kando ya barabara ya lami. Mama yetu ameletwa na Mebrat kwa basi, amembeba kitukuu, amempapasa uso wote, amesema, "Huyu nimemwona." Leo nimemrudishia Letekidan funguo. Tulibishana mlangoni nani atoke kwanza.

Zerom anashuka kwenu kesho kutwa, kwa hiyo nafunga hapa. Mtoto atabatizwa siku ya themanini, na mama wa ubatizo hana budi kupatikana. Mimi na Letekidan tumemtaja mtu mmoja kabla hatujaulizana. Kwa hiyo sasa nisikilize, Tsehaitu. Sijui huko Tesenei mama wa ubatizo huletwa au huendewa au hujileta, na sitaki kujua. Nakuomba. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: nakuomba uje umbebe mtoto wa Rigbe. Mwambie Zerom jibu lako siku hiyo hiyo atakayokukabidhi haya, asile kwanza wala asilale. Nijibu upesi, dada yangu, upesi. Nimesimama mlangoni.

Dada yako, Hidat